Wakuu, filta ya oili ya injini ya dizeli ya boti: nyuzi zimeingia vizuri, ndiyo yenyewe au bado?

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Nina boti yenye injini ndogo ya dizeli ya silinda 3, ya zamani kidogo, kibati cha namba kimeliwa na chumvi mpaka nusu ya maandishi yamefutika. Filta iliyokuwepo ilifungwa na mwenye boti wa kwanza, nayo rangi imebabuka yote haisomeki kitu. Nikaibeba hiyohiyo mpaka duka la spea, muuzaji akaigeuza akaangalia gasketi (ule mpira wa duara wa kuzibia mdomoni) akanitolea ya gari, akasema hii hapa saizi moja kabisa.

Nimejaribu kuizungusha kwa mkono inaingia raha tu, haikwami popote. Sasa kabla sijamimina oili mpya nauliza, nyuzi zikishaingia na gasketi ikishakaa si ndio basi? Maana kuna wanaosema ya gari na ya boti ni kitu kilekile na kuna wanaosema nitaua injini. Kwangu filta imelala ubavu, haining'inii. Kingine, hii injini kila asubuhi nikiwasha king'ora cha presha ya oili kinalia kama sekunde tano sita ndio kinyamaze, sijui kama inahusiana.

#2

Mkuu usiwashe kwanza. Hilo neno "inaingia raha tu" ndilo limenifanya nijibu haraka.

Kuna nyuzi za aina mbili ambazo zimejaa kwenye hizi filta na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ni ya inchi, 3/4-16, maana yake kipenyo robo tatu ya inchi na nyuzi 16 kwa kila inchi. Nyingine ni ya milimita, M20x1.5. Sasa piga hesabu, robo tatu ya inchi ni 19.05 mm, na ile nyingine ni 20, tofauti haifiki hata milimita moja. Umbali wa uzi hadi uzi ni 1.59 kwa 1.5, yaani karibu sawa. Ukichukua filta ya M20 ukaipeleka kwenye shingo ya 3/4 (kile kibomba chenye nyuzi upande wa injini) itaingia, itazunguka, itabana gasketi, na utaona umefunga. Kumbe nyuzi zinashikana kwa ncha tu. Kinyume chake haitokei manake filta ya 3/4 kwenye shingo ya M20 inakwama mzunguko wa kwanza, hapo hata asiye fundi atajua. Hatari ni hii inayoingia raha.

Naongea kitu kilichonikuta. Nilifunga filta ya namna hiyo, nikaijaribu bandarini nusu saa haikuvuja tone, nikaona safi. Siku ya pili tuko nje, mawimbi ya kawaida, kama saa mbili hivi tangu tuondoke nikasikia king'ora, nikaangalia geji ya presha imeshalala chini. Nikazima papo hapo. Kufungua kifuniko cha injini, filta iko ndani ya ngama (pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika) inaelea, na oili yote ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iko humohumo. Injini ilipona kwa sababu tu nilikuwa nimesimama karibu na swichi. Na kitu ambacho sikukifikiria mpaka baadaye ni pampu ya ngama, ile inayojiwasha yenyewe maji yakipanda, ingewaka ingesukuma oili yote baharini. Niliizima kwa mkono, tukatia nanga tukaomba kuvutwa.

Kwa hiyo tafuta venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo kwa milimita, upime. Pima shingo yenye nyuzi inayotokeza kwenye injini, halafu pima tundu la katikati la filta kutoka ncha ya uzi hadi ncha ya uzi wa upande wa pili. Shingo ya 3/4 itasoma kama 18.8 hadi 19, ya M20 itakaribia 20. Tundu la filta ya 3/4 litasoma kama 17.4 au 17.6, la M20 litasoma kama 18.4 hadi 18.6. Leta namba hapa.

#3

Duh. Kwa hiyo filta za gari kwenye boti ni mwiko? Mimi nimefunga ya gari miaka mingi na haijawahi kunisumbua.

#4

Sio mwiko, na wewe namba 3 inawezekana uko sawa kabisa. Injini nyingi ndogo za boti hazikuzaliwa baharini. Beta Marine na Nanni wanachukua injini za Kubota wanazivalisha vitu vya baharini, Vetus na Solé wanatumia sana Mitsubishi, zile Volvo Penta ndogo za D1 ni ndugu wa Perkins, Lehman za zamani ni Ford. Kwa hiyo ukiijua injini ya asili, iwe ya jenereta au trekta au lori, filta yake ni halali kwa boti yako. Swali la "ya gari au ya boti" halikusaidii kitu. Uliza filta hii inalingana na injini hii kwa kila kitu, na hicho kila kitu sehemu kubwa kiko ndani ya kopo ambako muuzaji haoni akiigeuza mkononi.

Cha kwanza ni valvu ya baipasi. Ndani ya filta nyingi kuna valvu yenye springi ambayo karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, inafunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu kwenye beringi ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Sasa kuna injini ambazo valvu hiyo mtengenezaji ameiweka kwenye kichwa cha filta, upande wa injini, kwa hiyo filta yake ya asili haina. Na kuna ambazo zinaitegemea iwe ndani ya filta. Ukichukua filta isiyo na valvu ukaifunga kwenye injini inayoitegemea, siku karatasi ikiziba oili haina pa kupita, presha inaibonyeza karatasi mpaka inapasuka au bomba la ndani linakunjamana, na vipande vinaelekea kwenye krankshafti, ile shafti kuu ya injini. Ukifanya kinyume, ukaweka yenye valvu laini kwenye injini ambayo tayari ina ya kwake ngumu zaidi, ile laini inafunguka mapema na muda mwingi unazungusha oili isiyochujwa bila kujua, geji inaonyesha vizuri tu. Kwa hiyo usitazame tu ipo au haipo, tazama inafunguka kwa presha gani. Nyingi ziko kati ya nusu bar (bar ni kipimo cha presha) na bar moja na nusu hivi, na katalogi nzuri zinaandika.

Cha pili ndicho kinamhusu mleta uzi moja kwa moja. Kile kipande cha mpira ndani ya mdomo wa filta, ukichungulia kwenye vitundu vidogo vya pembeni utakiona, ni valvu ya kuzuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Kama filta inaning'inia mdomo juu, hata isipokuwepo kopo linabaki na oili. Ila ikilala ubavu kama yako, au ikisimama kichwa chini, bila hiyo valvu oili inashuka yote usiku, asubuhi pampu inaanza kujaza kopo tupu kabla beringi hazijapata kitu. Sekunde zako tano sita za king'ora nahisi ziko hapo. Mpira wa kawaida mweusi unakakamaa kwa joto, wa silikoni unadumu ukiwa laini muda mrefu zaidi. Kwa filta iliyolala mimi natafuta silikoni.

Gasketi nayo usiibebe kwa macho. Pima kipenyo cha ndani na cha nje na unene, na uhakikishe inakaa yote juu ya sehemu laini iliyosagwa kwenye kichwa, isining'inie nusu nje.

#5

Mimi naongezea la nafasi. Boti sio gari ambalo unainua boneti unaona kila kitu. Filta ndefu ina karatasi nyingi na inabeba uchafu mwingi zaidi, kwa hiyo watu wanapenda kuweka ndefu kuliko ya asili, na ni wazo zuri kama kila kitu kingine kinalingana. Ila hakikisha haigusi taruma (mbavu za boti) wala kitako cha injini, haiko karibu na mkanda wa alternata, na kwamba utaweza kuitoa. Injini inacheza kwenye mipira yake, ikitikisika inasogea, kopo linalokaribiana na chuma litagongana nacho kila chombo kinapoyumba mpaka litoboke. Acheni nafasi ya vidole.

#6

Swali kutoka kwangu, mbona hamjagusa maikroni? Si unachukua tu inayochuja ndogo kabisa injini inakaa milele?

#7

Namba 6 hapo watu wengi wanakosea na ninaelewa kwa nini, manake kwenye boksi wanaandika maikroni 10 kwa herufi kubwa. Maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Ila namba ikiwa peke yake haikwambii kitu, lazima uulize inakamata asilimia ngapi ya chembe za ukubwa huo. Filta inayokamata nusu ya chembe za maikroni 10 inaweza kuandikwa maikroni 10, na inayokamata 98 katika mia nayo ikaandikwa maikroni 10. Wanaotoa taarifa kamili wanatumia uwiano wa beta, yaani chembe zilizoingia ukigawa kwa zilizopita, beta 2 ni nusu, beta 20 ni asilimia 95, beta 75 ni asilimia 98.7, na kipimo chenyewe kwa filta za oili za injini ni ISO 4548-12. Ukiona hivyo kwenye katalogi una kitu cha kulinganisha.

Na ndogo kabisa sio lazima iwe bora. Dizeli inatengeneza masizi mengi, ukiweka karatasi ya kubana sana kwenye kopo lilelile dogo itaziba haraka, valvu ya baipasi itafunguka, na hapo oili nyingi inapita bila kuchujwa. Wanaotaka kuchuja kwa ubora huo wanaongeza filta ya pili ya pembeni inayopitisha sehemu ndogo tu ya oili polepole na kuirudisha sampu. Nayo wanaiita filta ya baipasi, msiichanganye na valvu ya baipasi. Ukinunua hiyo kwa bahati mbaya ukaifunga mahali pa filta kuu, oili haitapita ya kutosha injini kubaki hai.

#8

Hapo kwenye kuchanganya nimekumbuka kitu. Filta za dizeli na filta za oili zinafanana kama mapacha, na nyingine nyuzi zinaingiliana. Nimeshaona boti filta ya mafuta ya dizeli imefungwa mahali pa oili. Haina valvu ya baipasi na kopo lake halikutengenezwa kwa presha ile, oili ya baridi ikipigwa asubuhi inaweza kulipasua. Msome herufi za mwanzo za namba. Kwa watengenezaji hawa wa filta, Fleetguard LF ni ya oili, FF ni ya dizeli, FS ni ile inayotenganisha maji na dizeli. MANN W ni kopo la oili, WK ni la dizeli. Baldwin B na BF vivyo hivyo. Herufi moja tu.

#9

Kwa wenye injini za kizamani zisizo na kopo la kuzungusha, zile za bakuli la chuma na bolti ndefu katikati, kwenu hakuna habari ya nyuzi ila kuna kitako na springi chini ya bakuli, watu wanakitupa pamoja na karatasi ya zamani bila kujua. Kikikosekana karatasi inacheza na oili inapita pembeni yake bila kuchujwa. Na oringi mpya kila mara, ile ya zamani kabisa iko imejificha kwenye mfereji juu, itoeni kwa kijiti cha mbao sio bisibisi.

#10 – Mleta uzi

Wakuu nimerudi, nimepima kwa venia ya kuazima mara tatu tatu.

Shingo ya injini 18.9. Tundu la filta ya zamani 17.5. Tundu la hii mpya ya dukani 18.5.

Kwa hiyo namba 2 umesema kweli tupu, injini yangu ni 3/4-16 na huyu bwana alinipa M20. Gasketi zote mbili ni 62 ndani na 71 nje, sawasawa kabisa, ndio maana alipozigeuza akaona ni kitu kimoja. Nimeikalia nikaifikiria, ningeiwasha leo jioni. Nashukuru sana kwa kweli.

Sasa kibati kimeharibika, injini ya asili naijuaje?

#11

Usikate tamaa na kibati. Futa masizi na rangi ubavuni mwa bloku utafute namba zilizomwagwa pamoja na chuma chenyewe, hizo chumvi haizili. Halafu nenda kwenye pampu ya dizeli ya kupigia noziki, nayo ina kibati chake kidogo na mara nyingi kiko salama kwa sababu kimelowa mafuta miaka yote. Namba hiyo pamoja na idadi ya silinda vinatosha mtu wa spea kukupa familia ya injini.

Ukishapata, chukua namba ya filta ya asili, halafu tafuta zinazolingana kwa watengenezaji wawili au watatu tofauti, usiamini orodha moja. Zile orodha za "namba hii ni sawa na hii" zimejaa makosa, nyingine zinalinganisha nyuzi na gasketi tu. Kwa kila moja fungua ukurasa wa vipimo vyake usome nyuzi, gasketi, urefu, valvu ya baipasi ya bar ngapi, na valvu ya kuzuia kurudi ipo au haipo.

#12 – Mleta uzi

Imepatikana. Pampu kibati chake kilikuwa safi chini ya uchafu. Injini kumbe ni ya viwandani, ya kuendeshea mashine na jenereta ndogo. Nimetafuta namba tatu za watengenezaji watatu. Mbili zinaafikiana kila kitu, 3/4-16, gasketi 62 kwa 71, baipasi kama bar 1, mpira wa kuzuia upo. Ya tatu nyuzi na gasketi sawa lakini mpira wa kuzuia haupo, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya intaneti. Nachukua moja ya zile mbili, yenye silikoni. Nipeni ya kuangalia wakati wa kufunga.

#13

Hongera mkuu, hapo umefanya kazi. Kufunga sasa.

Ukitoa ya zamani angalia gasketi yake imetoka nayo. Mara nyingi inabaki imeng'ang'ania kwenye kichwa, nyeusi juu ya nyeusi huioni, ukifunga mpya juu yake zinakuwa mbili, itashika kidogo halafu itatema yote ikipata presha. Pitisha kidole kuzunguka, futa kwa tambara safi.

Paka oili gasketi mpya. Kama unataka kuijaza kabla, mimina kupitia vitundu vya pembeni, kamwe sio tundu la katikati. Oili inaingia kwa pembeni, inapita kwenye karatasi, inatoka katikati kwenda kwenye injini, kwa hiyo ukimimina katikati vumbi lolote la dumu lako linakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Kwa iliyolala kama yako huwezi kuijaza yote, loweka karatasi tu inatosha. Zungusha mpaka gasketi iguse, kisha ongeza kwa mkono kama ilivyoandikwa kwenye kopo, nyingi ni robo tatu ya mzunguko hadi mmoja. Usitie spana.

Na hili la boti tu. Watu wanashika kizimio ili injini isiwake wakapiga stata mpaka presha ipande, ni vizuri, ila pampu ya maji ya bahari, yale yanayopoza injini na kutokea kwenye ekzosi, nayo inazunguka na ekzosi haina moshi wa kuyasukuma nje, maji yanajaa kwenye sailensa mpaka yanarudi ndani ya silinda. Funga bomba la maji ya bahari unapopiga hivyo, piga kwa vipindi vifupi, ulifungue mara tu kabla ya kuwasha kikweli. Ning'iniza kitambaa chekundu kwenye swichi usilisahau.

Ikishawaka, tochi kwenye filta muda wote injini ikizunguka polepole bila mzigo, kisha tena ikipata moto, zima, subiri, pima oili upya kwa sababu filta imekunywa yake.

#14

Na hiyo filta ya zamani usiitupe. Ikate mdomo kwa kikatio cha makopo ya filta, sio msumeno, msumeno utakuwekea chembe za chuma zako mwenyewe. Tandaza karatasi, pitisha sumaku. Kinachonata ni chuma. Kinachong'aa kama dhahabu au shaba na hakinati, ni beringi au bushi zinakwisha.

#15

Kwa mwanachumvi mwenzangu, kopo likiwa jipya lipake rangi au grisi nyembamba, hasa pale lilipokunjwa mdomoni, kutu huanzia hapo. Na hata kama saa za injini ni chache badilisha walau mara moja kwa mwaka, oili iliyotumika inabaki na asidi na maji ndani ya injini iliyosimama.

#16 – Mleta uzi

Nimemaliza jana. Nimepitisha kidole kwenye kichwa, hakuna gasketi iliyobaki, ile ya zamani ilitoka na filta yake. Hii mpya iliingia kwa kubana kidogo toka mzunguko wa kwanza, sio ule ulegevu wa ile ya M20, nimeusikia mkononi kabisa. Bomba la bahari nililifunga nikalifungua, imewaka, tone halijatoka mpaka sasa.

Ile ya zamani nimeikata. Sumaku haikupata kitu, hakuna cha kung'aa. Karatasi imejaa masizi ila haijapasuka. Kilichonishangaza ni ule mpira wa kuzuia oili, umekakamaa kama plastiki, nimeukunja ukakatika. Leo asubuhi nimewasha baada ya usiku mzima, king'ora kimelia kama sekunde moja kikanyamaza. Nimeandika kwa rangi nyeupe kwenye bloku juu ya filta, 3/4-16, 62/71, baipasi bar 1, mpira upo, na ile M20 nimeirudisha dukani nikamwonyesha muuzaji vipimo vyote viwili, ameviandika kwenye daftari lake.